Pindo la Gauni

Nyumbani, 4 Machi

Kwa Dada yangu mpendwa,

Shikamoo Dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Shemeji. Sisi huku hatujambo, ila Mama analalamika mgongo na cherehani yake inalalamika kuliko yeye. Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yako haipatikani tangu mwezi uliopita. Mama anasema mtu akizima simu ujue ana raha zake.

Mitihani imekwisha na matokeo hayajatoka, kwa hiyo sasa mimi si mwanafunzi wala si mtu mwenye kazi. Nikikaa, Mama ananiuliza nimekaa nini. Nikisimama, ananiuliza naenda wapi. Basi nimejiunga na kikundi cha maigizo pale ukumbini. Usicheke. Najua wewe ndiye uliyenipa jina la Konokono.

Wanarudia ule mchezo wa zamani wa nyumba mbili zilizogombania kisima, ule mliocheza wewe na Shemeji kabla hamjaoana. Mwongozaji ni yuleyule wenu, Mzee Tena, na bado kila kitu ni "Tena! Tena!" Alinipa mstari mmoja nisome mbele ya watu. Nikasoma. Akaniuliza nitaanza lini. Nikamwambia, "Nimeshamaliza." Watu walicheka mpaka msusi, yule wa saluni ya kona ambaye ndiye mchumba safari hii, akajifuta machozi.

Kwa hiyo nimewekwa nyuma ya pazia. Kazi yangu ni sauti. Mlango ukibishwa ni mimi. Kijana akimwua kaka wa mchumba wake kisimani, ndoo inayoanguka ni mimi. Na pale kijana anapomwendea mchumba ili watoroke, naye msichana akakataa kwa sababu anamlilia kaka yake, kile kibao anachozabwa ni mimi pia. Mkono wa kijana unapita mbele ya uso bila kugusa, mimi nagonganisha vipande viwili vya ngozi nyuma ya pazia. Halafu mwisho anamchoma kisu, anajichoma na yeye, na baba zao wanashikana mikono juu ya maiti. Shuleni niliandika kwamba mchezo huu unafundisha kuwa mapenzi ya kweli hayafi. Nilipata alama zote. Sasa nikiutazama kila jioni, najiuliza mbona msichana hakuulizwa kama anataka kufa.

Kitu kimoja kimenifurahisha. Mzee Tena ana sheria kwamba anayepigwa ndiye anayeanza. Msusi asiposhika pindo la gauni lake kwa vidole viwili, mkono wa kijana hauruhusiwi kuinuka. Mama ndiye aliyeshona gauni, na pindo amelitia kitambaa cha ndani ili lisichakae kwa kushikwa. Anasema na la kwako alilishona vivyo hivyo.

Sasa tatizo langu. Kibao changu hakisikiki. Kila siku Mzee Tena ananiambia, "Cha dada yako kilisikika mpaka mlango wa nje! Watu walisimama!" Muuza maji anakisifu, mlinzi wa ukumbi anakisifu. Dada, nani alikuwa nyuma ya pazia siku ile? Alipiga nini na nini? Muulize na Shemeji, labda anakumbuka.

Nasubiri jibu kwa hamu.

Mdogo wako,
Konokono

*

19 Machi

Kwa mdogo wangu Konokono,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na mimi ni mzima. Mwambie Mama apumzishe mgongo, hiyo cherehani haitamkimbia.

Nimecheka hiyo "nimeshamaliza" nikiwa peke yangu dukani, mteja akadhani namcheka yeye na dawa yake ya minyoo. Duka la dawa bado ni lilelile. Mama mwenye duka ananiamini sana siku hizi, huwa ananiachia funguo za stoo. Simu yangu ilianguka ikavunjika kioo, ndiyo maana.

Kuhusu kibao, jaribu taulo lililolowa ukutani. Ni zamani, mambo mengine yamenitoka. Shemeji yako ndiye aliyeifungua barua yako, kwa sababu ilipitia sanduku la kazini kwake. Aliisoma kwa sauti tukiwa mezani. Ile sehemu ya kibao aliirudia mara mbili, akacheka, akasema, "Mwambie ni siri ya wasanii."

Safari ijayo andika kwa anwani ya duka, nimeiweka nyuma ya bahasha. Hufika haraka zaidi.

Hivi kile kitanda changu cha dirishani bado kipo? Nauliza tu.

Usiache kula kwa ajili ya mchezo.

Dada yako

*

Nyumbani, 27 Machi

Kwa Dada yangu,

Shikamoo. U hali gani, na kazi inakwendaje? Huku tu wazima, isipokuwa viganja vyangu.

Nimejaribu taulo, limetoa sauti ya mtu anayefua. Nimejaribu kandambili kwenye benchi. Nimejaribu mkanda wa baba wa jirani, akaja kuudai ukumbini akiwa ameshikilia suruali kwa mkono. Nimejaribu mapaja yangu mwenyewe, yamekuwa mekundu. Kila nikipiga, Mzee Tena anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, halafu anatikisa kichwa. "Tena!" Nachukia lile neno. Jana niligeukia ukuta nikalia, kimyakimya kama kawaida yangu, maana hata kulia kwangu hakusikiki.

Jana hiyohiyo kulitokea ubishi. Fundi baiskeli, ambaye ndiye kijana, ni mpole hata hawezi kumfokea mteja. Aliuliza, "Mzee, kwani huyu anampiga mchumba wake kwa nini, na yeye ndiye aliyemwulia kaka?"

Mzee Tena akamjibu, "Kwa sababu anampenda! Amezidiwa. Mapenzi yamempanda kichwani, hawezi kujizuia."

Msusi alikuwa amekaa anakula karanga. Akasema, "Mbona kwa baba yake anajizuia? Baba yake kamtukana sehemu ya kwanza yote, na kijana anasema ndiyo baba, sawa baba. Mkono unamjua wa kumpiga huo."

"Wewe suka nywele," Mzee Tena akamwambia.

"Nasuka. Na vichwa ninavyovisuka nakuta mengi."

Watu wakacheka, tukarudia tena. Lakini mimi sikucheka. Nimelifikiria neno lake mpaka leo.

Kitanda chako kipo, ila Mama amekijaza vifurushi vya vitambaa vya wateja. Nilimwambia umekiulizia. Akasema, "Kitanda cha nini? Akija atakuja na mumewe, watalala sebuleni kama wageni wengine." Nisamehe, nimekuandikia kama alivyosema.

Habari njema ni kwamba mchezo ni tarehe 30 Aprili, na Mzee Tena anataka wewe na Shemeji mkae viti vya mbele. Kabla pazia halijafunguliwa atawasimamisha, watu wawashangilie. Nimempa anwani ya Shemeji, mwaliko umeshatumwa. Najua mtafurahi.

Tafadhali Dada, bado sijajua ile sauti. Siri ya wasanii na mimi si msanii? Niambie mimi tu.

Mdogo wako,
Konokono

*

14 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini hamjambo wote.

Usiitafute tena sauti ile. Haikutoka nyuma ya pazia. Aliyepangwa kupiga ngozi alibaki nazo mkononi kwa mshangao.

Siku ile, kabla ya kuanza, nilikuwa nimecheka na yule aliyeigiza kaka yangu. Tulicheka kwa sababu ndevu zake za pamba zilimbandukia puani. Shemeji yako alituona. Tulipofika pale pa kibao nilikuwa bado nimepiga magoti kwa maiti, mikono yote miwili kifuani kwa kaka. Sikushika pindo. Mkono ukaja. Sikio langu lilivuma mpaka mwisho wa mchezo, maneno yaliyobaki niliyasema bila kuyasikia. Watu wakasimama kushangilia. Mama alikuwa mbele kabisa, akipiga makofi kuliko wote. Nilipomwona akipiga makofi, nilidhani labda mimi ndiye sijaelewa.

Nyuma ya pazia alinipigia magoti, akalia, akasema sanaa ilimchukua. Nilimwonea huruma. Unaweza kuamini? Mimi ndiye niliyetafuta kitambaa cha kumfuta machozi. Mwaka uliofuata tukaoana, na kwenye harusi mtu akasimama kutusifu kwa kibao kile.

Simu yangu haikuanguka. Ilirushwa.

Sikuambii haya ili ulie. Nakuambia kwa sababu umetia mapaja yako alama ukitafuta kitu ambacho si ufundi. Mama usimwambie. Nilishamwambia mara moja, mwaka wa kwanza, akaniuliza nilikuwa nimemjibu nini mpaka akafika hapo.

Mwaliko umefika. Amefurahi sana. Ameshatoa shati la kuvaa. Anasema tutasimama pamoja, nami nitatabasamu. Mdogo wangu, mimi sitaki kusimama.

Kitanda kikipata nafasi, niambie.

Dada yako

*

Nyumbani, 22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeshindwa kuanza kwa kukujulia hali, kwa sababu hali yako nimeisoma.

Mwaliko ule ni mimi. Anwani niliitoa mimi, nikiwa najiona nimefanya jambo. Nisamehe.

Na kuna lingine la kunisamehe. Umesema nisimwambie Mama, nami nimemwambia. Nilisimama mlangoni pa chumba chake cha kushonea mpaka miguu ikaniuma, halafu nikasema yote kwa mkupuo mmoja. Hakusimamisha cherehani. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno, akasema, "Ule ulikuwa mchezo." Nikasema, "Mama, na simu?" Akasema, "Wewe ndoa unaijua? Umemaliza shule juzi. Nyumba zote zina moshi, ni jinsi ya kutafuta dirisha." Nikataka kumwambia kwamba dirisha lako lina vifurushi vya wateja wake, lakini nikarudi chumbani. Nina hasira Dada, na hasira yangu haina mdomo.

Basi nimefanya kwa mikono. Asubuhi akienda sokoni natoa vifurushi vyote kitandani, navipanga chini ya meza. Akirudi anavirudisha. Kesho yake navitoa tena. Jana mteja alikuja kudai sketi yake, hakuna aliyejua ilipo, maana imehama zaidi kuliko mpangaji. Mama akaniangalia, nikaangalia dari.

Usije siku ya mchezo. Sema unaumwa. Lakini nijibu, hata mstari mmoja, nijue kwamba umeipata barua hii dukani na si mezani.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 2 Mei

Kwa Dada yangu,

Shikamoo, popote barua hii itakapokukuta. Hukunijibu. Kila lilipoingia basi la mizigo na barua nilikwenda kuuliza, mpaka karani akawa ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Naandika hivyohivyo.

Shemeji alikuja peke yake. Alisema una mafua. Alivaa shati jeupe, viatu vinang'aa, akakaa mbele, kiti chako kitupu kushoto kwake na Mama upande wa pili wa kiti hicho. Mzee Tena akamsimamisha. Watu wakamshangilia, yeye akainama, akaweka mkono kifuani. Muuza maji akapaza sauti, "Kibao!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa natazama kwenye tundu la pazia, ngozi zangu mkononi. Na kinachoudhi ni kwamba sasa zinasikika. Wiki ile nilikuwa nimepata njia. Unalowesha moja, nyingine unaiacha kavu.

Tukafika mahali pake. Kaka amekufa, ndoo imeanguka, msusi amepiga magoti. Akanyoosha mkono mmoja, taratibu, akashika pindo kwa vidole viwili. Fundi baiskeli akainua mkono. Mkono ukapita.

Sikupiga.

Msusi aligeuza uso kama tulivyozoea, na uso ukageuka bila sauti yoyote. Mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha. Ukumbi ukanyamaza kabisa, na katika kimya kile fundi baiskeli akabaki anautazama mkono wake mwenyewe kama kitu alichookota. Mzee Tena alikuwa kando yangu. Alininong'oneza, "Piga!" Nikatikisa kichwa. "Piga, mtoto wewe, piga!"

Nikasema, "Sipigi."

Nilidhani nimesema kwa sauti yangu ya kila siku. Mlinzi aliniambia baadaye kwamba aliisikia akiwa mlango wa nje.

Sijui ilipita muda gani. Msusi akaendelea na maneno yake, mchezo ukafika mwisho, maiti zikalala, wazee wakashikana mikono. Makofi yalikuwa machache. Shemeji hakungoja. Nilipochungulia, viti vya mbele vilikuwa vitupu vyote, cha kwake na cha Mama. Mzee Tena ameniambia nisikanyage tena ukumbini. Lile "tena" lilinipendeza kwa mara ya kwanza.

Nilirudi nyumbani nikiogopa. Mama alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona. Akaniuliza, "Yule msusi, lazima alishike lile pindo?"

Nikasema, "Lazima. Asiposhika hapigwi."

Halafu akasema, "Siku ile sikuwa nauangalia uso wa mwanangu. Nilikuwa naangalia kazi yangu. Niliweka kitambaa cha ndani kwa ajili ya kushikwa, nikakaa mbele nione kama litajikunja vizuri. Halikujikunja. Niliona, nikapiga makofi."

Aliinuka akaenda kuchemsha maji.

Dada, nilipoingia chumbani, kitanda hakikuwa na mzigo. Sikuutoa mimi. Shuka ni lile lako la mistari, na dirisha limefunguliwa. Vifurushi vyote viko kitandani kwa Mama, sijui yeye amelala wapi.

Nina hofu na jambo moja tu. Shemeji amerudi huko akiwa na hasira, na mimi ndiye niliyemtia hasira. Nijibu, tafadhali.

Mdogo wako

*

9 Mei

Kwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na safari hii niamini.

Barua zako zote baada ya ile ya kwanza nilizipata dukani. Ile ya mwezi uliopita sikuijibu kwa sababu sikuwa na jibu. Uliniambia vifurushi vinarudi kitandani kila siku. Nikasema basi, hata nyumbani mimi ni mzigo unaogombania nafasi na sketi za watu.

Siku aliyosafiri kwenda kushangiliwa, viatu vyake nilivipaka rangi mwenyewe. Nikamfungia mlango, nikamsikiliza mpaka kona. Kisha nikachukua begi langu dogo nikaja hapa dukani. Mama mwenye duka amenipa stoo. Nalala katikati ya maboksi ya dawa za kikohozi, hata kukohoa naona aibu. Shemeji yako alikuja siku ya pili yake, akataka kuingia nyuma. Mama mwenye duka alimwambia, "Kijana, huku nyuma wanaingia wafanyakazi tu. Unaumwa wapi?" Akaondoka. Atarudi, namjua. Kwa hiyo usijilaumu, hasira yake ilikuta nyumba haina mtu.

Nilikuwa nasubiri neno moja tu kutoka nyumbani. Shuka la mistari. Nimelisoma nikakaa chini.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Usije kunipokea kwa kelele, najua sasa unazo. Mama aje akitaka. Asipotaka, anikute kitandani. Mwambie sitauliza kuhusu makofi, lakini akitaka kuzungumza nitamsikiliza kwa sikio langu zima, la kulia.

Sasa ninayeanza ni mimi. Nimeshika pindo.

Dada yako